Umbo la tone la mvua ndani ya uga wa umeme: mwongozo kamili wa kulikadiria na kuliona

Lile tone lenye ncha juu na tumbo chini, linalochorwa kwenye alama za utabiri wa hali ya hewa, halipo katika mvua inayoanguka. Tone dogo la mvua ni tufe. Tone kubwa hubonyea: upande wa chini huwa bapa, wa juu hubaki mviringo. Likipita ndani ya wingu la radi, uga wa umeme, yaani eneo ambamo chaji huvutwa au kusukumwa, huliwekea mkono wake pia, na kulivuta lirefuke kufuata mwelekeo wa uga huo.

Kwamba umeme hubadilisha umbo la tone, hilo halina ubishi. La kujiuliza ni kwa kiasi gani, na kwa tone la ukubwa upi. Hapo ndipo maelezo mengi yanapoteleza: mtu anasikia "volti laki nne kwa kila mita" na kudhani tone litanyooka kama uzi. Halinyooki. Ukifuata hatua zilizo hapa chini kwa kalamu na kikokotoo utaona sababu, na mwishoni utaliona tendo lenyewe kwa kiputo cha sabuni. Hesabu zote ni za kiwango cha sekondari.

Hatua ya 1: Fahamu nani anavutana na nani

Mvutano wa uso ndio mlinzi wa umbo. Molekuli za maji zilizo usoni huvutwa kuelekea ndani, hivyo uso hujibana kuwa mdogo kadiri inavyowezekana, na umbo lenye uso mdogo kuliko yote kwa ujazo uleule ni tufe. Kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, mvutano huo ni takriban nyutoni 0.073 kwa kila mita.

Wapinzani wake ni watatu. Wa kwanza ni hewa, ambayo hulisukuma tone kutoka chini linapoanguka. Wa pili ni uzito wa maji yenyewe, unaofanya shinikizo ndani ya tone liwe kubwa zaidi chini kuliko juu. Hawa wawili hufanya kazi pamoja, na matokeo yao ni mbonyeo. Wa tatu ni umeme.

Umeme hufanyaje? Uga husogeza chaji ndani ya tone: hasi upande mmoja, chanya upande wa pili. Kwa jumla tone halijapata wala kupoteza chaji, ila ncha zake mbili sasa zina chaji zinazopingana, na kila ncha inavutwa kwenda nje. Kwa kuwa zote mbili zinavutwa nje, ukigeuza mwelekeo wa uga juu chini, tone lisilo na chaji ya ziada litabaki na umbo lilelile. Ndiyo maana katika hesabu zote zinazofuata uga unazidishwa kwa wenyewe.

Wengine hudhani hapa kinachotawala ni zile ncha mbili za umeme za molekuli moja moja ya maji. Kwa tone la mvua hakuna haja ya kwenda huko. Hata maji safi kabisa hupanga upya chaji zake kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, na maji ya mvua, yenye chumvi na vumbi lililoyeyuka, hufanya hivyo haraka zaidi. Lihesabu tone kama kipitishi cha umeme na hutakosea.

Hatua ya 2: Chagua namba sahihi ya uga

Hapa ndipo penye mtego mkubwa, kwa sababu namba zinatofautiana mno kulingana na mahali.

Siku ya anga tulivu, karibu na ardhi, uga ni takriban volti 100 kwa mita. Chini ya wingu la radi, ukipima ardhini, unafika maelfu, pengine volti 10,000 kwa mita. Ndani ya wingu lenyewe, volti laki moja kwa mita ni jambo la kawaida, na vipimo vya laki nne vimepatikana mara chache. Kwa nini ardhini ni kidogo hivyo? Miti, majani na kila kitu chenye ncha huvujisha chaji hewani wingu linapokuwa juu yao, na chaji hiyo hujenga pazia linalopunguza uga wa chini. Kwa hiyo usichukue kipimo cha ardhini ukakitumia kwa tone lililo kilomita kadhaa juu.

Weka pia kikomo cha juu akilini: hewa kavu ya usawa wa bahari hupasuka kwa cheche kwenye uga wa volti laki 30 kwa mita hivi. Juu zaidi, hewa ikiwa nyepesi, kikomo hicho hushuka. Kwenye urefu wa kilomita tano na nusu, shinikizo la hewa likiwa nusu, nacho kinakuwa karibu nusu.

Kuanzia hapa tutapima uga kwa "laki", yaani laki za volti kwa kila mita. Inapunguza sifuri, na makosa pamoja nazo.

Hatua ya 3: Tafuta umbo la tone kabla ya umeme

Chukua kipenyo cha tone kwa milimita, kikimaanisha kipenyo ambacho tone lingekuwa nacho kama lingekuwa tufe kamili. Mwaka 1970 Pruppacher na Beard, watafiti wa fizikia ya mawingu, walitoa kanuni rahisi ya uwiano wa kimo kwa upana:

uwiano = 1.03 − 0.062 × kipenyo

Itumie kwa matone ya kuanzia milimita moja kwenda juu; yaliyo madogo zaidi yahesabu kama tufe. Tone la milimita 2 linapata 0.906. La milimita 4, 0.782. La milimita 6, ambalo tayari ni jitu kwa kuwa matone makubwa hivyo hupasuka kwa urahisi, linapata 0.658.

Geuza uwiano huo uwe asilimia ya mbonyeo ili uweze kuulinganisha na umeme:

mbonyeo = (1 − uwiano) ÷ (1 + uwiano)

Matokeo: karibu asilimia 4.9 kwa tone la milimita 2, asilimia 12 kwa la milimita 4, na asilimia 21 kwa la milimita 6.

Hatua ya 4: Hesabu mvuto wa umeme

Kwa tone ambalo umbo lake limebadilika kidogo tu, urefu unaoongezwa na uga, ukipimwa kwa namna ileile ya mbonyeo, ni:

mrefuko = (9 ÷ 16) × ε × E² × r ÷ γ

ε ni namba thabiti ya umeme ya ombwe (8.85 × 10⁻¹²), E ni uga, r ni nusu kipenyo kwa mita, na γ ni mvutano wa uso. Ukishaingiza namba za maji, kanuni yote inafupika hivi:

mrefuko kwa asilimia = 0.068 × nusu kipenyo kwa milimita × laki × laki

Hii ndiyo ya kuandika pembeni mwa daftari.

Tone la milimita 2 lina nusu kipenyo cha milimita 1. Kwenye uga wa laki moja, mrefuko ni asilimia 0.07. Hakuna jicho litakaloona hilo, wala kamera ya kawaida. Kwenye laki nne unazidishwa mara 16 na kufika asilimia 1.1. Tone la milimita 4 kwenye laki nne linapata asilimia 2.2, na la milimita 6 linapata asilimia 3.3.

Sasa weka namba hizi kando ya zile za Hatua ya 3. Hata kwenye uga mkali kabisa uliopimwa mawinguni, umeme unarudisha takriban moja ya tano au moja ya sita tu ya mbonyeo uliosababishwa na hewa na uzito. Kwenye uga wa kawaida wa laki moja, umeme ni msindikizaji tu.

Tahadhari moja: kanuni hii ni ya mabadiliko madogo. Mrefuko ukizidi asilimia tano hivi, jibu lake linakuwa dogo kuliko ukweli, kwa sababu ncha iliyochongoka hukusanya chaji zaidi, nayo chaji huichongoa zaidi.

Hatua ya 5: Hakikisha kwa shinikizo

Mimi huiamini zaidi njia hii, kwa sababu inaonyesha nani mwenye nguvu bila kujificha nyuma ya kanuni. Linganisha mashinikizo matatu kwa paskali.

Shinikizo la mvutano wa uso ni mara mbili ya γ, ukigawa kwa r. Shinikizo la hewa ni nusu ya msongamano wa hewa (kilo 1.2 kwa mita ya ujazo) mara kasi mara kasi. Shinikizo la umeme kwenye ncha ya tone ni 4.5 × ε × E², ile 4.5 imetokana na kwamba uga kwenye ncha za tufe linalopitisha umeme ni mara tatu ya uga wa pembeni, na tatu mara tatu ni tisa, kisha unagawa kwa mbili.

Tone la milimita 2 huanguka kwa kasi ya mita 6.5 kwa sekunde. Mvutano wa uso unalinda kwa paskali 146, hewa inasukuma kwa 25, na umeme wa laki nne unavuta kwa paskali 6.4. Mlinzi yuko imara.

Tone la milimita 5 huanguka kwa mita 9 hivi kwa sekunde. Mvutano wa uso sasa ni paskali 58 tu, hewa imefika 50, na umeme ni uleule 6.4. Ona kilichotokea: umeme haukuongezeka hata kidogo, ila mlinzi amechoka. Tone kubwa limeshafikishwa ukingoni na hewa, na msukumo mdogo wa ziada una uzito usiokuwa nao kwa tone dogo. Hivyo basi, kwa matone makubwa usijumlishe na kutoa asilimia za Hatua ya 3 na ya 4 kana kwamba hazijuani. Chukulia tofauti hiyo kama makadirio ya kuanzia.

Hatua ya 6: Zingatia mwelekeo

Uga wa wima huvuta juu na chini, kwa hiyo hupingana na mbonyeo. Tone linakuwa jembamba kidogo, hewa inapata eneo dogo la kulizuia, na kasi yake inaongezeka. Umbo hilo halilingani juu na chini: chini hewa inaendelea kusukuma na kubapaza, hivyo upande wa juu ndio unaorefuka zaidi, na tone kubwa kwenye uga mkali huelekea kuwa na sura ya pembetatu iliyokaa kwenye kitako chake. Kichekesho ni kwamba hapo ndipo tone linapoukaribia kidogo ule mchoro wa uongo tulioanza nao, na inahitaji umeme wa kutisha kulifikisha hapo.

Uga wa ulalo huvuta pembeni. Unaongeza upana, lakini kwa mwelekeo mmoja tu, hivyo ukilitazama tone kutoka juu halionekani duara tena.

Hatua ya 7: Tafuta kikomo cha kupasuka

Mwaka 1964 mwanafizikia G. I. Taylor alionyesha kwamba tone linalopitisha umeme haliwezi kurefuka bila mwisho. Urefu ukifika karibu mara 1.9 ya upana, usawa unavunjika, ncha zinachongoka kuwa koni, na maji yanachomoka kwa mchirizi mwembamba. Koni hiyo ina pembe ya nyuzi 49.3 kutoka mhimili wake hadi ubavuni. Kwa tone la maji lisilosukumwa na hewa, uga wa kupasua ni:

laki za kupasua = 13.1 ÷ kipeuo cha pili cha nusu kipenyo kwa milimita

Kwa nusu kipenyo cha milimita 1 ni laki 13. Kwa milimita 2.5 ni laki 8.3. Linganisha na laki nne ya mawinguni na utaona kwamba uga wa jumla wa wingu, peke yake, hautoshi kulipasua tone moja lililojitenga. Mambo hubadilika matone mawili yanapokaribiana sana, kwa sababu uga katika mwanya kati yao huwa mkali kuliko uga wa pembeni.

Na vitone vya wingu? Hata ukiweka nusu kipenyo cha milimita 0.1, kikubwa kuliko cha vitone vingi vya wingu, unapata laki 41, juu ya kile kikomo cha laki 30 cha hewa ya usawa wa bahari. Hewa itapasuka kwa cheche kabla kitone hakijajali.

Hatua ya 8: Ongeza chaji ya tone lenyewe

Matone ya mvua ya radi mara nyingi hubeba chaji yake, ya makumi ya pikokulombi (pikokulombi ni sehemu moja ya trilioni ya kulombi, kipimo cha chaji). Mwanafizikia Lord Rayleigh alikokotoa mwaka 1882 kiasi cha juu ambacho tone linaweza kubeba kabla ya kujipasua. Kwa nusu kipenyo cha milimita 1 kiasi hicho ni pikokulombi 640 hivi. Matone mengi yako mbali na hapo, hivyo chaji peke yake haibadilishi umbo sana.

Ila ina mlango wa nyuma. Zidisha pikokulombi 50 kwa uga wa laki moja, unapata nguvu ya nyutoni 5 kwa milioni moja. Uzito wa tone hilo ni nyutoni 41 kwa milioni moja. Yaani umeme unaliongezea au kulipunguzia tone moja ya nane ya uzito wake, kutegemea alama ya chaji na mwelekeo wa uga. Kasi inabadilika, shinikizo la hewa linafuata, na umbo linabadilika kwa njia hiyo ya kuzunguka. Kwa tone lenye chaji kwenye uga wa laki moja, njia hii ina athari kubwa kuliko ule mrefuko wa asilimia 0.07. Watu wengi huiruka.

Hatua ya 9: Lione kwa kiputo cha sabuni

Huwezi kulitazama tone ndani ya wingu, lakini unaweza kutazama mvutano huohuo mezani. Siri iko kwenye kanuni ya Hatua ya 7: kitu kikubwa chenye mvutano mdogo hurefuka kwa uga mdogo. C. T. R. Wilson na Taylor walitumia hila hii mwaka 1925 kwa viputo vya sabuni.

Tafuta sinia la chuma, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mrija wa kunywea, puto na kitambaa cha sufi. Chagua siku ya hewa kavu. Unyevu huondoa chaji kwenye puto kabla hujafanya lolote.

Lowesha uso wote wa sinia kwa maji ya sabuni. Usiache doa kavu, maana kiputo kikiligusa kinakufa. Chovya mrija, uweke ncha yake kwenye sinia, puliza taratibu mpaka upate nusu kiputo chenye upana wa sentimita 4 hivi, kisha uchomoe mrija. Sugua puto kwa kitambaa. Shika ukingo wa sinia kwa mkono mmoja, ili chaji ipate njia kati ya sinia na mwili wako, na kwa mkono mwingine shusha puto kutoka juu polepole, ukianzia mbali.

Kwanza hutaona kitu. Halafu kilele cha kiputo kinainuka kidogo na kitako kinajivuta ndani. Shusha tena: kinarefuka kama yai, na ukirudisha puto juu kinatulia kwenye umbo lake. Panda ushuke hivyo mara kadhaa kabla ya kukipasua, kwani hapa ndipo utakapojionea mvutano wa uso ukidai mali yake. Ukipitiliza kikomo, kilele kinachongoka ghafla na kiputo kinatoweka. Rekodi kwa simu, kwa mwendo wa polepole, ukiweka karatasi nyeusi nyuma yake, kisha simamisha picha upime kimo na nusu ya upana wa kitako. Kiputo kikiwa kimetulia namba hizo mbili ni karibu sawa. Kabla tu ya kupasuka, uwiano wao unapaswa kuelekea 1.9, ingawa uga wa puto si sawasawa kila mahali na jibu lako litayumba.

Kwa nini nusu kiputo inatosha? Sinia linalopitisha umeme hufanya kazi ya kioo: nusu ya juu hujiendesha kana kwamba nusu ya chini ipo. Na kwa nini puto linaweza kile ambacho wingu haliwezi? Kiputo kina nyuso mbili zenye mvutano wa 0.025 hivi kila moja, jumla 0.05, na nusu kipenyo cha sentimita 2. Uga wa kukipasua ni laki 2.4 tu. Puliza kiputo kikubwa zaidi na kitasalimu amri mapema.

Usibadilishe puto kwa transfoma ya tanuri ya maikrowevu au ya televisheni kuukuu. Volti zake huua. Wala usitoke nje kujaribu wakati wa radi.

Hatua ya 10: Soma dalili kwenye rada bila kujidanganya

Rada za kisasa za hali ya hewa hurusha mawimbi ya ulalo na ya wima. Tone lililobonyea hurudisha zaidi yale ya ulalo, na tofauti hiyo hutumika kukadiria ukubwa wa matone. Uga wa wima ukiyarefusha, tofauti inapungua, na matone yanaonekana kwenye rada kuwa madogo kuliko yalivyo.

Kabla ya kuulaumu umeme, kumbuka kwamba matone hayatulii. Tone la milimita 2 likiguswa hutetema mara 120 hivi kwa sekunde, la milimita 5 mara 30 hivi, na migongano na mengine huendelea kuyachokoza. Picha moja ya tone moja haikuambii umbo lake la wastani, unahitaji nyingi.

Ukiona pia ishara ya rada inaruka ghafla radi inapopiga, juu ya wingu kwenye baridi, hayo kwa kawaida si matone. Ni fuwele za barafu. Ni nyepesi, uga huzipanga mstari mmoja, na radi ikishautoa uga huo zinaachiwa na kulala upya zinavyotaka. Tone la maji hubadilika umbo kwa asilimia chache. Fuwele hugeuka mwili mzima, na ndiyo sababu rada huziona kwanza.